Uliza Mwalimu: Viambishi pacha vya Kikarachay-Balkar

Toleo lililopita nilidokeza tu kwamba nilipokuwa nasoma Urusi mwenzangu wa chumba alikuwa Mbalkar wa bonde la Chegem, katika milima ya Kaukazi, na kwamba lugha yake, Kikarachay-Balkar, ambayo Wabalkar wanaisema pamoja na ndugu zao Wakarachay, ilinikaa kichwani kuliko nyingine zote nilizojifunza ukubwani. Barua zikaanza kuingia. Nimechagua zile zinazohusu nomino, maana karibu zote zimeuliza hilohilo kwa njia tofauti: uhusika na umiliki.

Tuelewane kwanza juu ya maandishi. Lugha hii huandikwa kwa herufi za Kirusi. Hapa nitaiandika kwa herufi zetu, na zinaitosha vizuri kuliko mtu angedhani: gh ni ile ya ghali, kh ni ile ya kheri, ng' ni ile ya ng'ombe. Q ni k inayotoka kooni kabisa. I isiyo na nukta (ı) hutamkwa kama i huku ulimi umerudishwa nyuma. Ö na ü ni e na i zilizotamkwa midomo ikiwa imeviringwa. Neno "uhusika" maana yake ni kazi inayofanywa na nomino katika sentensi, na katika lugha hii kazi hiyo huonyeshwa kwa kiambishi kinachobandikwa mwishoni mwa nomino yenyewe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasomea udaktari hapa Nalchik. Kirusi kinakwenda, ila familia niliyopanga chumba kwao ni Wabalkar, na wakiwa mezani hawasemi Kirusi. Nimepata kitabu cha sarufi kinachosema nomino ina uhusika wa aina sita. Lakini uhusika wa umiliki unachukua -nı, na uhusika wa yambwa (kile kinachotendwa) nao unachukua -nı. Si kitu kimoja hicho? Kwa nini wasiseme ni tano? Na nikisikia "atnı" nitajuaje kama ni "ya farasi" au ni farasi aliyetendwa jambo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza swali zuri kuliko kitabu chako kinavyolijibu. Tuchukue hilohilo neno at, yaani farasi. Lenyewe bila kitu ni kiima: at. Kisha atnı, "ya farasi". Atkha, "kwa farasi" au "kumwendea farasi". Atnı tena, farasi anayetendwa. Atda, mahali alipo farasi. Atdan, kutoka kwa farasi. Ukiishia hapo una haki ya kuhesabu tano, na mwenye kitabu hana la kukujibu.

Sasa mpe farasi huyo mwenyewe. Kikarachay-Balkar hubandika mmiliki kwenye nomino: atım ni farasi wangu, atıng' farasi wako, atı farasi wake. Simama kwenye hiyo ya tatu, atı, uipitishe tena kwenye uhusika. "Ya farasi wake" ni atını. Farasi wake anayetendwa ni atın. Pacha wameachana! Atını bashı ni kichwa cha farasi wake. Atın kördüm ni nilimwona farasi wake. Mbalkar hachanganyi hata akiwa usingizini. Ndiyo maana wanasarufi wanasema sita: mahali pamoja tu pa lugha panatosha kuthibitisha kwamba viambishi hivi ni viwili, hata kama kwingine kote vinavaa sare.

Sare hiyo waliivaa baadaye. Ukienda kwa Wakazakh, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu katika tawi la Kikipchak la lugha za Kituruki, utakuta tofauti ingali wazi: attıng' ni "ya farasi", attı ni farasi anayetendwa. Kwa Wakarachay na Wabalkar ile ng' ya mwisho katika umiliki ilidondoka, na kilichobaki kikafanana na kiambishi cha yambwa.

Mezani sasa, utajuaje? Sikiliza neno linalofuata. Atnı ikiwa ya umiliki, kitu kinachomilikiwa nacho lazima kikiri kwamba kina mwenyewe, kwa kuvaa kiambishi cha "-ake": atnı bashı, neno kwa neno "ya farasi kichwa chake". Umiliki unatajwa pande mbili, kwa mwenye mali na kwenye mali. Atnı ikiwa ya yambwa, utasubiri kitenzi: atnı kördüm, nilimwona yule farasi. Vikikutana vyote katika sentensi moja unapata atnı bashın kördüm, nilikiona kichwa cha farasi. Atnı ya kwanza ni umiliki kwa sababu bash iliyo mbele yake ina -ı ya mmiliki. Kisha bashı nayo ikapewa -n kwa sababu ndiyo iliyoonwa. Soma sentensi hiyo kwa sauti mpaka ikuingie. Nusu ya sarufi ya nomino imo humo.

Kuna na jingine ambalo kitabu chako huenda kimelipitia haraka. Yambwa haivai -nı kila mara. Huivaa pale tu msemaji na msikilizaji wanapojua ni kitu gani kinachosemwa. Mama wa yule mwenzangu alikuwa akituletea khıchın, ule mkate wao mwembamba uliojazwa viazi na jibini, uliochomwa kwenye kikaango na kupakwa siagi ungali moto. Khıchın ashadım maana yake nilikula khıchın, yoyote ile. Lakini mwenzangu akirudi darasani akakuta sahani tupu juu ya meza, swali lake lilikuwa hili: Khıchınnı kim ashadı? Nani ameula? Hapo -nı ni ya lazima, kwa kuwa wote chumbani tulijua ni khıchın gani, na mmoja wetu alijua imekwenda wapi.

Sisi kazi hiyo tunaifanya kwenye kitenzi. Nilikula mkate, niliula mkate: hiyo u ndiyo inayosema kwamba mkate unajulikana. Wao wameitundika kwenye nomino, na kitenzi hakisemi lolote. Mswahili anayejifunza lugha hii ana bahati hapa: tofauti yenyewe tayari anaijua, imebaki kujua inapokaa.

Ushauri wangu kwako ni mmoja, na wengine wanaoandika wataukuta ukirudi katika majibu yao: usikariri jedwali la nomino tupu. Kila neno jipya lijifunze pamoja na mwenyewe. Jedwali tupu huficha. Mmiliki ndiye anayefichua.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa isimu. Je, -m katika "anam" (mama yangu) ni sawa na -ngu katika "mamangu"? Naweza kuandika hivyo kwenye kazi yangu ya muhula?

JIBU: Unaweza kuandika kwamba zinafanana kwa sura, kisha uonyeshe kwa haraka zinapoachana.

Kwetu, mamangu, babako, mkewe, mumeo, nduguye na mwenzangu ni kundi dogo: watu wa karibu, na majina machache ya ushairi kama jinale. Hakuna Mswahili anayesema "mezangu" akimaanisha meza yangu. Tena zetu ni ufupisho, kwani -ngu imekatwa kutoka neno zima "yangu" ambalo bado liko hai pembeni yake. Kwao si ufupisho na haina mipaka. Baba, jino, kijiji, deni, huzuni, vyote vinabeba kiambishi kilekile. Ana: anam, anang', anası, anabız, anaghız. Ni mama yangu, wako, wake, wetu, wenu. Üy, nyumba: üyüm, üyüng', üyü, üyübüz, üyügüz. Ona kwamba "wake" ni -sı baada ya irabu na ni irabu peke yake baada ya konsonanti. Ona pia kwamba irabu za kiambishi hufuata irabu za neno: bashım kichwa changu, tilim ulimi wangu, qolum mkono wangu, közüm jicho langu. Ni kiambishi kimoja chenye nguo nne, na sikio lako litayazoea hayo ndani ya wiki chache bila kanuni.

Kitakachompendeza mwalimu wako ni r. Wingi kwa lugha hii ni -la au -le: üyle ni nyumba nyingi, tawla ni milima. Lugha nyingine za Kituruki zina -lar na -ler, kwa hiyo msomaji wa haraka atasema Wakarachay na Wabalkar waliipoteza r. Hawakuipoteza. Weka mmiliki uone: üylerim, nyumba zangu, tawlarıbız, milima yetu. Kiambishi cha umiliki kinachoanza na irabu kinaiamsha, na kikiondoka inalala tena. Ukiweka uhusika bila mmiliki haionekani: üylede, katika nyumba, tawladan, kutoka milimani. Jedwali tupu halikuonyeshi hilo pia.

SWALI: Katika maktaba ya mtandaoni nimekuta mshairi Kaysyn Kuliev ameandikwa "Quliylanı Qaysın". Je, ni mtu mwingine, au ni makosa ya uchapaji?

JIBU: Ni yeye, na hakuna kosa. Umeangukia sarufi ileile mlangoni pa jina la mtu.

Ligawe: Quliy, kisha -la ya wingi, kisha -nı ya umiliki. Quliylanı Qaysın ni "Qaysın wa akina Quliy". Ukoo unatangulia, tena kwa wingi, na mtu anatajwa kama mali ya ukoo wake. "Kuliev" ni mavazi ya Kirusi kwa jina hilohilo. Vivyo hivyo mshairi aliyemtangulia, aliyezaliwa 1859, Warusi humwandika Kyazim Mechiev na watu wake humwita Mechilanı Kyazim.

Raha ya mfumo huu unaiona kwa wanawake. Kirusi humlazimisha mwanamke abadilishe mwisho wa jina la ukoo, ndiyo maana mwandishi wa Kikarachay Khalimat Bayramukova ana -ova pale ambapo kaka yake angekuwa na -ov. Kwa lugha yake mwenyewe ni Bayramuqlanı Khalimat, na kaka yake angekuwa Bayramuqlanı vilevile. Umiliki haujui jinsia.

Huyo Khalimat na Kaysyn walizaliwa mwaka mmoja, 1917, na wote wawili umma wao ulihamishwa kwa nguvu kupelekwa Asia ya Kati: Wakarachay tarehe 2 Novemba 1943, Wabalkar tarehe 8 Machi 1944. Ruhusa ya kurudi ilipatikana 1957. Nalitaja hili kwa kuwa anayewasoma wawili hao atakutana mara kwa mara na maneno ya nchi na ya milima yakiwa na viambishi vya umiliki, na ajue hayakuwekwa kama pambo. Chukua tawlarıbızdan. Taw mlima, -lar wingi, -ıbız wetu, -dan kutoka: kutoka milimani kwetu. Mpangilio haubadiliki kamwe. Shina, idadi, mwenyewe, halafu kazi katika sentensi.

SWALI: Habari za kazi Mwalimu. Nimeolewa Uturuki, katika mkoa wa Konya, na ukoo wa mume wangu ni Wakarachay. Kituruki nakijua vizuri. Mama mkwe akisema Kikarachay nusu naelewa, nusu nasikia kinyume. Juzi nilidhani anaisema nyumba yangu, kumbe anamsema jirani. Shida ni nini?

JIBU: Salama mama, na pole. Shida ni Kituruki chako kizuri. Kama hukukijua ungesikia sawasawa.

Wakarachay walianza kuhamia Uturuki mwishoni mwa karne ya 19, na lugha yao na Kituruki ni ndugu, lakini si ndugu wa tumbo moja. Maneno yanafanana sana, na mtego umo kwenye herufi moja au mbili za mwisho. Nakisia mama mkwe alisema üyün kördüm. Sikio lako la Kituruki likasikia evin, ambayo kwa Kituruki ni "nyumba yako" au "ya nyumba". Kwa Kikarachay üyün si hiyo wala ile. Ni nyumba yake, yambwa: aliiona nyumba ya mtu mwingine. Ile -n ndiyo niliyomweleza yule mwanafunzi wa Nalchik. Angekuwa anaisema yako angesema üyüng'ü kördüm, na ng' ingesikika puani.

Endelea hivyohivyo. Kituruki evini gördüm kina utata, kinaweza kuwa nyumba yako au yake, na Waturuki wenyewe huongeza neno ili kufafanua. Kikarachay hakina utata huo: üyüng'ü ni yako, üyün ni yake. Halafu neno linalofanana kabisa na evini, yaani üyünü, kwa Kikarachay si yambwa hata kidogo. Ni umiliki, "ya nyumba yake", kama katika üyünü eshigi, mlango wa nyumba yake. Kwa Kituruki hiyo ni evinin kapısı. Kwa hiyo ukisikia -ünü mwishoni, usisubiri kitenzi. Subiri kitu kingine kinachomilikiwa.

Umeuliza pia katika barua yako kwa nini mara anasema anam na mara meni anam, ilhali zote ni mama yangu. Kiambishi peke yake kinatosha. Meni huongezwa anapotaka kukaza: mama yangu mimi, si wako. Katika nyumba yenye wakwe nadhani unajua lini hilo hutumika. Na ukisikia bizni üy bila kiambishi chochote kwenye üy, usimsahihishe. "Nyumba ya kwetu" husemwa hivyo katika mazungumzo ya kawaida, kama bizim ev ya Kituruki.

SWALI: Nilipanda Elbrus, na kiongozi wangu alikuwa Mbalkar wa Terskol. Nilijifunza kwake kwamba -da ni kama -ni yetu: Terskolda, yaani Terskol. Nikamwambia kesho "Terskolda" naenda, akacheka sana. Kwa nini?

JIBU: Hongera kwa mlima. Wenyeji wanauita Mingi Taw, na mita 5,642 si mchezo.

Alicheka kwa sababu ulimwambia kwamba utakuwa unatembeatembea ndani ya Terskol, na kijiji chenyewe ni kidogo. Kiambishi chetu -ni ni mvivu, au tuseme mkarimu. Naenda nyumbani, nakaa nyumbani, natoka nyumbani: nomino haibadiliki, kazi yote tumekiachia kitenzi. Majina ya miji ndiyo kabisa, hatuyaongezei chochote. Kwao kila mwelekeo una kiambishi chake: Terskolgha barama, naenda Terskol. Terskolda jashayma, naishi Terskol. Terskoldan keleme, natoka Terskol. Nyumba nayo: üyge, üyde, üyden.

Kiambishi cha kwendea ndicho chenye sura nyingi: -gha, -ge, na -kha baada ya konsonanti kavu (zisizotetemesha koo), kama tashkha, kwenye jiwe. Kikikutana na mmiliki huchukua sura nyingine: üyüme kwenda nyumbani kwangu, üyüng'e kwako, üyüne kwake. Katika "kwake", n inachomoza pia mahali na kutoka: üyünde, üyünden. Hapo utofautishe kwa makini üyde, nyumbani, na üyünde, nyumbani kwake. Sisi tunataja mahali kwanza ndipo mwenyewe, nyumba-ni kwa-ke. Wao mwenyewe kwanza ndipo mahali.

Hiyo -dan ina kazi ambazo hukuzitarajia. Ndiyo ya kulinganisha: Mingi Taw Dıkh Tawdan miyikdi, Elbrus ni mrefu kuliko Dykh-Tau, kana kwamba urefu unapimwa kuanzia kwa huyo mfupi. Ndiyo ya woga pia. Itden qorqama ni namwogopa mbwa, kwa maana ya kuogopa kutokea kwa mbwa. Ukipita karibu na mifugo katika mabonde yale, sentensi hiyo ni nzuri kuwa nayo mdomoni, kwani mbwa wao wa kuchungia kondoo si wa kuzoewa.

SWALI: Wanatofautisha yeye wa kike na wa kiume? Na baada ya namba wanaweka wingi?

JIBU: Hapana na hapana. Ol ni yeye, mke au mume, na hata kitu. Farasi watatu ni üch at, bila -la, kwani namba imeshasema.

SWALI: Nimeona sauti ya j kwa herufi za Kirusi inaandikwa kwa namna mbili tofauti, жер na джер, kwa neno lilelile la ardhi. Ipi ni sahihi?

JIBU: Zote. Wabalkar huandika ж, Wakarachay huandika дж. Ni lugha moja ya maandishi yenye mazoea mawili, katika jamhuri mbili jirani, Kabardino-Balkaria na Karachay-Cherkessia. Babu zao waliandika kwa herufi za Kiarabu, kisha Kilatini katika miaka ya 1920, kisha za Kirusi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930. Kwa uhusika na umiliki hakuna linalobadilika: jerim ni ardhi yangu kokote uliko.

SWALI: Mwalimu, nina rafiki Mkarachay niliyesoma naye, na anaoa. Nimemnunulia saa, na fundi wa kuchora maandishi anasubiri maneno. Nataka iandikwe "kwa rafiki yangu" na nyuma "kutoka kwa rafiki yako". Programu ya tafsiri imenipa "tengge". Ni sawa?

JIBU: Usimwache fundi achore hiyo. Tengge (kwa masikio yetu teng'ge) ni "kwa rafiki", rafiki yeyote apitaye njiani. Programu imekupa nomino tupu yenye uhusika, na mmiliki imemsahau, jambo ambalo kwa zawadi ya harusi ni baridi mno.

Anza na teng', rafiki. Mpe mwenyewe: teng'im, rafiki yangu. Kisha mpe mwelekeo, na kwa kuwa mmiliki ni "mimi" kiambishi cha kwendea kinabaki e peke yake: teng'ime. Nyuma ya saa mmiliki ni yeye, kwa hiyo teng'ing', rafiki yako, na kwa kuwa inatoka kwako ongeza -den: teng'ing'den.

Fundi mwandikie kwa herufi zao, kubwa na zilizoachana, kwa maana ng' yetu wao huiandika kwa herufi mbili, н na г, bila alama yoyote juu: тенгиме upande wa mbele, тенгингден upande wa nyuma. Katika hilo la pili нг inatokea mara mbili. Mwambie asiikate hata moja kwa kudhani amekosea, kwani ya kwanza ni ya rafiki na ya pili ni ya "yako".